Ua wa Nyumba, Darasa la Kwanza: Mafunzo ya Mtoto Mdogo katika Mtaa wa Bwiza, Bujumbura

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Warundi nao husema "uburere buruta ubuvuke", yaani malezi hupita uzawa. Methali hizi mbili, moja ya Kiswahili na moja ya Kirundi, zinakutana katika mtaa wa Bwiza mjini Bujumbura, mahali ambapo mtoto mdogo aghalabu hukua akizisikia lugha zote mbili ndani ya ua mmoja.

Historia ya elimu ya Burundi imezoea kuandikwa kwa kufuata majengo: misheni ipi ilifungua shule ipi, na serikali ipi ilibadili mtaala upi. Historia ya namna hiyo ina faida yake. Hata hivyo inaliacha nje swali ambalo kwetu sisi walimu wa Kiswahili ni kubwa. Kwa miongo mingi shule za msingi za Burundi zilifundisha kwa Kirundi na kwa Kifaransa, na Kiswahili hakikuwa na kitabu wala mtihani. Lakini vizazi kwa vizazi vya watoto wa Bwiza vilikua vikikisema, vikihesabu kwacho na kutegeana vitendawili kwacho. Ni nani aliyewafundisha?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kutazama mafunzo ya nyumbani ya kila siku, yaani yale anayofundishwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita kabla hajakaa juu ya dawati. Tutaonyesha kwamba ua wa nyumba ndio uliokihifadhi Kiswahili mjini Bujumbura. Tutaonyesha pia kwamba mwalimu wa leo anapompokea mtoto wa Bwiza, anapokea mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa, wala hapokei chombo kitupu.

Mtaa na wakazi wake

Kiswahili kilifika katika pwani za kaskazini za Ziwa Tanganyika kabla ya wakoloni. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Ujiji walisafiri kwa vyombo kando ya ziwa, na lugha ya biashara ikasafiri pamoja nao. Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne hiyo, waliikuta lugha hiyo tayari, wakaitumia katika utawala kama walivyofanya kote katika Afrika Mashariki yao. Askari, makarani, wapagazi na wachuuzi waliokaa kando ya kituo walielewana kwa Kiswahili. Mwaka 1912 makao ya utawala wa Urundi yalihamishiwa Gitega, lakini Usumbura ulibaki kuwa mji wa bandari na soko, na lugha yake ikabaki ile ile.

Wabelgiji waliingia mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Usumbura ukawa makao makuu ya Ruanda-Urundi, na mwaka 1925 eneo hilo likaunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji. Kwa sababu hiyo Wakongo wengi walikuja mjini kwa kazi za serikali, za jeshi na za biashara, wakaja na Kiswahili chao. Wakazi Waafrika walitengewa sehemu zao mbali na mitaa ya Wazungu. Buyenzi ikawa hasa makao ya Waislamu waliojulikana kwa jina la Waswahili. Jirani yake Bwiza, ambayo zamani iliitwa "Belge", ikakusanya watu wa asili nyingi: Warundi, Wakongo, Wanyarwanda na watu wa Tanganyika, Waislamu kwa Wakristo. Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, mji ulikuja kuitwa Bujumbura. Bwiza ilikuwa komuni kwa miaka mingi, mpaka ilipoingizwa katika komuni kubwa zaidi ya Mukaza katikati ya miaka ya 2010.

Umbo la mtaa lenyewe lina maana kwa habari yetu. Barabara za Bwiza zimenyooka, nazo zinatambulikana kwa nambari. Viwanja ni vidogo, na mara nyingi katika kiwanja kimoja vyumba kadhaa huzunguka ua mmoja ambamo familia mbalimbali hupanga. Mama aliyeshuka kutoka milima ya Muramvya anaweza kuwa jirani wa mama kutoka Uvira au Bukavu, na wote wawili wakawa jirani wa mzee mwenye asili ya Kigoma. Wanashiriki bomba la maji, kamba ya kuanikia nguo na kivuli cha mti. Lugha wanayoweza kushiriki wote, bila yeyote kuiacha yake, ni Kiswahili. Mtoto anayezaliwa humo huipokea lugha hiyo mchangani, pamoja na wenzake wa kucheza.

Lugha iliyokosa darasa

Serikali ya Wabelgiji iliwaachia wamisionari sehemu kubwa ya kazi ya shule na kuwapa ruzuku. Wamisionari wengi walikishuku Kiswahili, kwa kuwa walikiona ni lugha ya Uislamu na ya mji. Kirundi kikashika madarasa ya mwanzo, na Kifaransa kikashika yale ya juu. Baada ya uhuru, mageuzi yaliyoanza mwaka 1973 yalikiimarisha Kirundi kuwa lugha ya kufundishia katika miaka ya kwanza ya shule ya msingi, na Kifaransa kikafuata kuanzia mwaka wa tano.

Haifai kuubeza uamuzi huo. Takriban Warundi wote husema Kirundi, na mwaka 1953 shirika la UNESCO lilikuwa limekwisha kutoa taarifa yake mashuhuri inayopendekeza mtoto aanze kusoma kwa lugha ya mama. Kwa mtoto wa kilimani, mageuzi ya 1973 yalikuwa haki iliyochelewa. Lakini mtoto wa Bwiza, ambaye lugha yake ya mchezo na ya dukani ilikuwa Kiswahili, aliingia darasani na kukuta nusu ya ujuzi wake hauna mahali pa kukaa.

Zaidi ya hayo palikuwa na dharau. Katika mazungumzo ya Kirundi neno "umuswahili" lilikuja kubeba maana ya mtu mjanja wa mjini, asiyeaminika. Mtoto alijifunza mapema kwamba maneno aliyoyatumia kwa mama yake hayafai kutamkwa mbele ya mwalimu.

Lakini yako maneno ambayo hayakuweza kuzuiliwa mlangoni. Kirundi chenyewe huita shule "ishure", kitabu "igitabu" na kalamu "ikaramu". Tunajua kwamba neno shule lilitoka katika Kijerumani likaingia Kiswahili, na kwamba kitabu na kalamu yalitoka katika Kiarabu. Yote matatu yalipitia Kiswahili ndipo yakafika milimani. Mwanafunzi makini anaweza hata kuonyeshwa njia yaliyopita: l ya Kiswahili imegeuka r katika "ishure" na "ikaramu", na k ya kitabu imegeuka g katika "igitabu", kwa sababu Kirundi hulainisha k ya kiambishi inapofuatwa na silabi inayoanza kwa sauti kavu kama t. Shule iliyokifungia Kiswahili nje ilikuwa ikikitaja kila ilipojitaja yenyewe.

Masomo ya kila siku uani

Sasa tutazame mafunzo yenyewe. Mzazi wa Bwiza hakuwa na ratiba ya masomo wala hakuyaita masomo. Aliyaita kazi, na mara nyingine aliyaita adabu. Lakini mwalimu akiyachungua ataona humo hesabu, lugha, maarifa ya mazingira na malezi ya tabia.

Somo la kwanza ni kutumwa. Mtoto wa miaka minne hutumwa kwa jirani wa chumba cha pili, wa miaka mitano hutumwa kwenye kibanda cha karibu, na wa miaka sita hufika mbali kidogo zaidi. Kabla ya kuondoka huambiwa arudie ujumbe: aseme ametumwa na nani, kwa nani, na kuomba nini. Hapa mtoto hujifunza kushika maneno kwa mpangilio, kuyageuza kutoka nafsi ya kwanza hadi ya tatu, na kutanguliza salamu kabla ya haja. Akipewa kitu hukipokea kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia ukishikiliwa na wa kushoto, kama desturi ya Warundi inavyotaka. Mwalimu wa sarufi atakayefundisha usemi wa taarifa miaka mingi baadaye atakuwa anakipa jina kitu ambacho mtoto huyu alikwisha kukitenda.

Somo la pili ni hesabu ya fedha. Tangu mwaka 1964, Burundi ilipoanza kutumia faranga yake, watoto wa mtaa wamejifunza thamani kwa kununua vitu vidogo vidogo: mawese ya kupima, chumvi ya fungu, ndagala wa kipimo kimoja. Mtoto huambiwa mapema chenji atakayorudi nayo. Akirudi na pungufu hurudishwa dukani kwa upole, akaseme mwenyewe. Huko ndiko kutoa na kujumlisha kunakohusu kitu, na mtoto hakusahau kwa kuwa kosa lake lilionekana katika chakula cha jioni.

Hesabu hiyo ilikuwa na ugumu wake wa lugha, nao unafaa kuangaliwa na walimu. Kuanzia moja hadi tano, nambari za Kiswahili na za Kirundi ni ndugu: tatu na "gatatu", nne na "kane", tano na "gatanu". Nane na "umunani", kumi na "cumi", nazo zinafanana. Lakini Kiswahili kilichukua sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, ambapo Kirundi kina "gatandatu", "indwi" na "icenda". Mtoto wa Bwiza aliyekwama penye sita hakuwa mzito wa akili. Alikuwa amefika mahali ambapo njia mbili zinaachana. Mama aliyelijua jambo hilo alimhesabia mara mbili, kwa lugha hii na kwa ile, huku akiweka maharage mkekani.

Maharage yenyewe yalikuwa somo la tatu. Kuyachambua ni kazi ya asubuhi, na mtoto hukaa kando ya mama au bibi akitenga mawe, mabovu na mazima, kisha akitenga mekundu na ya manjano. Jijini Roma, tarehe 6 Januari 1907, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa wafanyakazi wa San Lorenzo. Watoto hao wa kimaskini, waliokaa katika majengo yenye familia nyingi, walipewa kazi za mikono: kumimina, kufagia, kufunga vifungo, kupanga vitu kwa ukubwa na rangi. Ulimwengu ulistaajabu kuona jinsi walivyotulia na kuendelea. Mama wa Bwiza asiyepata kumsikia Montessori alikuwa na ungo wake, sufuria zake za kupangwa ndogo ndani ya kubwa, na kibuyu cha kumiminia. Aliyetofautiana naye ni yule daktari, kwa kuwa yeye aliandika alichokiona, na maandishi yake yakasomwa vyuoni.

Somo la nne ni saa na mahali. Waswahili huhesabu saa tangu kucha, na Warundi hufanya vivyo hivyo. Kifaransa huhesabu tangu usiku wa manane. Kwa hiyo mtoto hujifunza kwamba saa moja ya mama ni saa saba ya ratiba ya shule, na kwamba hakuna kati yao aliyekosea. Ama mahali, barabara zenye nambari zilimpa ubao wa kujifunzia usiohitaji chaki. Mtoto anayepelekwa kwa shangazi huhesabu barabara anazozivuka. Akirudi huzihesabu kinyumenyume, na hapo amejifunza kutoa.

Vitendawili, hadithi na bao

Jua likitua, mafunzo hubadilika sura. Mtegaji akisema "Kitendawili!" watoto hujibu "Tega!" Katika ua huo huo, mama au bibi wa Kirundi akisema "Sokwe!" huitikiwa "Niruze!" Watoto wa Bwiza waliyajua maitikio yote mawili, na walijua kwamba yakishasemwa hakuna tena mkubwa wala mdogo, ila mwenye jibu. Tusisahau ukubwa wa zoezi hili. Mtoto husikia kitu kikielezwa bila kutajwa, hana budi kupitisha akilini kila anachokijua, kukilinganisha na maelezo na kukikataa kisichofaa. Tena akishindwa hutoa mji, na anayepewa mji hueleza jibu na sababu yake. Vitabu vyetu vya kufundishia huita jambo hilo kufikiri kwa hoja.

Hadithi nazo zilikuwa na milango miwili. Msimulizi wa Kiswahili alianza kwa "Paukwa!" akaitikiwa "Pakawa!" na Sungura akaingia na hila zake. Msimulizi wa Kirundi alimleta Samandari, yule mjanja mashuhuri wa masimulizi ya Burundi anayewakejeli wakubwa kwa maneno yao wenyewe. Mtoto aliyesikia hadithi ya Samandari kwa Kirundi jana, leo aliweza kuisimulia kwa Kiswahili kwa jirani wa Kikongo asiyeijua. Huo ulikuwa ufasiri wake wa kwanza, na hakuna aliyempa alama.

Wavulana, na wasichana pia walipoachiwa, walijifunza kwa kutazama bao likichezwa barazani. Bao la Waswahili lina mashimo 32 na kete 64, na Warundi wana mchezo wa ukoo huo huo uitwao ikibuguzo. Mtoto anayekaa kimya nyuma ya mchezaji hujifunza kuhesabu kwa macho, kwa sababu kugusa kete kumepigwa marufuku. Kwa watoto wadogo zaidi mawe matano yalitosha: moja hurushwa juu na mengine hukusanywa kabla halijaanguka, mchezo ambao kwingine Waswahili huuita mdako.

Chuo na mafundisho ya dini

Familia za Kiislamu, za Bwiza kama za Buyenzi, ziliwapeleka watoto chuoni mapema, mara nyingi kabla ya umri wa shule. Hapo mtoto alijifunza alifu na bee, akatamka herufi pamoja na irabu zake, akasoma kwa sauti pamoja na wenzake. Lugha ya matini ilikuwa Kiarabu, lakini maelezo, maonyo na sifa zilitolewa kwa Kiswahili. Hivyo mtoto alifika shule ya serikali akiwa amekwisha kujua kwamba alama huwakilisha sauti, na kwamba mstari una mwanzo na mwisho. Kulikuwa na jambo moja tu la kumgeuza: Kiarabu huandikwa kuanzia kulia.

Familia za Kikatoliki zilikuwa na mafundisho ya kanisa, hasa yale yaliyojulikana kwa jina la Yaga Mukama, ambayo yaliwafunza watoto wengi wa Burundi kusoma kwa Kirundi pamoja na katekisimu. Uani watoto hawa wawili walikutana, mmoja na ubao wa chuo, mwingine na kijitabu cha kanisa. Kila mmoja alimwonyesha mwenziwe alichokijua, na maelezo yakafanyika kwa Kiswahili.

Miaka ya misukosuko

Itakuwa ni kuficha ukweli kama tutauchora ua wa Bwiza kana kwamba haukupata kutikiswa. Mwaka 1972 mauaji makubwa yaliikumba Burundi. Walimu na wanafunzi, hasa Wahutu, walikuwa miongoni mwa waliolengwa, na baada ya hapo wazazi wengi waliogopa kuwapeleka watoto wao shuleni. Maelfu walikimbilia Tanzania, ambako makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo yalifunguliwa, na watoto wao wakasoma kwa Kiswahili katika shule za Tanzania.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia katika vita vya miaka mingi. Bujumbura ilijua siku za "mji mfu", ambapo watu hawakuthubutu kutoka majumbani. Mwishoni mwa Machi 1995 ghasia ziliikumba Bwiza na Buyenzi, mitaa ambayo mpaka wakati ule ilikuwa imesalia na mchanganyiko wa watu. Wahutu walifukuzwa, na wakazi wengi, pamoja na watu wenye asili ya Zaire, walivuka mpaka.

Kwa upande wa mafunzo ya nyumbani, hasara ya miaka ile ilikuwa ya aina mbili. Wakati njia ya kwenda shuleni ilipokuwa ya hatari, nyumba ilibeba mzigo wote. Mama, bibi au kaka mkubwa alimwandikisha mtoto herufi kwa mkaa au kwa kijiti mchangani. Lakini nyumba yenyewe ilikuwa imepungukiwa. Ua ulifundisha kwa sababu ulikuwa na watu wa aina nyingi. Jirani alipoondoka usiku, aliondoka na hadithi zake, vitendawili vyake na sababu ya mtoto kusema lugha ya tatu. Anayetaka kujua kwa nini Kiswahili kinahusiana na amani katika mji huu, na aanzie hapo. Lugha ya ujirani huhitaji majirani.

Nusu ya siku

Kuna jambo jingine la kawaida zaidi lililoupa ua kazi kubwa. Tangu miaka ya 1980 shule nyingi za msingi za Burundi zilitumia utaratibu wa zamu mbili: kundi moja la watoto asubuhi, jingine mchana. Mwaka 2005 ada ya shule ya msingi ilipofutwa, watoto walifurika madarasani na zamu zikawa za lazima zaidi. Mtoto wa zamu moja hukaa shuleni nusu ya siku tu. Saa zilizobaki ni za nyumbani, na yule mdogo asiyeandikishwa huwa na siku nzima. Shule za chekechea zilikuwepo mjini, lakini nyingi zilikuwa za kulipia, na mpangaji wa chumba kimoja hakumudu kila mara.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga shule karibu ulimwenguni kote, wazazi wa nchi nyingi waligundua kwa mshtuko kwamba nyumba ni darasa. Uganda haikufungua shule zake zote mpaka Januari 2022. Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi chache ambazo hazikufunga shule. Hata hivyo mzazi wa Bwiza hakuhitaji kufundishwa jambo ambalo ulimwengu ulikuwa ukiligundua. Alikuwa akilitenda kila siku, nusu ya siku.

Sombe na kisamvu

Katikati ya miaka ya 2000, Burundi ilipokuwa ikijiandaa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule ya msingi. Nchi ikawa mwanachama tarehe 1 Julai 2007. Sisi walimu wa Kiswahili tuliyapokea mabadiliko hayo kwa furaha, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini hapo ndipo tatizo jipya lilipozaliwa, nalo ndilo hasa lililonisukuma kuandika makala haya.

Mtoto wa Bwiza anapoingia katika somo la Kiswahili hutarajia, kwa mara ya kwanza, kuwa nyumbani. Huonyeshwa picha ya majani ya muhogo yaliyotwangwa akasema "sombe". Kitabu kinasema "kisamvu", naye akapewa kosa. Husema "ndagala", kitabu kinasema "dagaa". Husema "lengalenga", kitabu kinasema "mchicha". Husema "niko na kalamu", naye akasahihishwa: "nina kalamu". Mwenziwe wa asili ya Bukavu husema "batoto", na darasa zima likacheka. Kwa miongo mingi shule ilimwambia mtoto huyu kwamba lugha ya mama yake haina nafasi. Sasa inamwambia kwamba nafasi ipo, ila mama yake haijui lugha hiyo. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililo chungu zaidi.

Isidhaniwe kwamba tunatetea kila mtu aandike apendavyo. Kiswahili sanifu ni mali ya Waswahili wote, nacho ndicho kinachomwezesha mtoto wa Bujumbura kusoma kitabu kilichochapwa Dar es Salaam au Nairobi na kufanya mtihani wa haki. Kazi ya mwalimu ni kumfikisha huko. Swali ni njia gani aipite. Usanifu unaweza kujengwa juu ya lugha ya nyumbani, au unaweza kujengwa juu ya kifusi chake. Hata Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya msingi wa Kiunguja, lugha ya mama ya watu fulani, waliokuwa na nyua zao.

Linalompasa mwalimu

Kutokana na historia hii tunaweza kupendekeza mambo machache, ambayo hayahitaji fedha wala idhini ya wizara.

Kwanza, mwalimu aandike maneno mawili ubaoni: sombe na kisamvu, ndagala na dagaa. La kwanza liitwe neno la nyumbani na la pili neno la kitabu, na mtoto ajue ni wakati gani hutumika lipi. Mtoto aliyekwisha kubeba nambari za lugha mbili hatashindwa na hilo.

Pili, kipindi cha kwanza cha juma kiwe cha vitendawili vilivyoletwa kutoka nyumbani. Kila mtoto alete kimoja na ataje aliyemfundisha. Vya Kirundi vipokewe na kufasiriwa darasani, maana ufasiri ni somo.

Tatu, hesabu zianzie dukani. Badala ya maembe ya kufikirika, zitumike bei ambazo mtoto alizilipa jana.

Nne, mzazi aitwe shuleni pia siku ambayo mtoto hajakosa. Bibi anayejua hadithi akaribishwe asimulie, na mwalimu akae kitini nyuma pamoja na wanafunzi asikilize. Watoto watakaomwona mwalimu akijifunza kutoka kwa bibi yao hawatakuwa tena na haja ya kuificha lugha yao.

Hitimisho

Mwalimu Julius Nyerere, katika andiko lake la "Elimu ya Kujitegemea" la mwaka 1967, alikumbusha kwamba jamii za Kiafrika hazikukosa elimu kabla ya shule za kikoloni. Watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda. Bwiza, mtaa uliozaliwa na ukoloni wenyewe, uliiendeleza elimu hiyo mjini, kati ya bomba la maji na kamba ya nguo, kwa lugha ambayo mitaala iliikana. Akina mama waliochambua maharage na watoto wao hawakuingia katika orodha ya walimu wa nchi, na hawakupata mshahara wala cheti.

Sisi tuliopata vyote viwili tumekabidhiwa watoto wao. Kiswahili tunachokifundisha Bujumbura leo kimetufikia kwa mikono yao. Mtoto atakayefungua kinywa kesho asubuhi katika darasa la kwanza ataleta kile alichopewa uani, na tutakavyomjibu ndivyo atakavyoamua kama atakileta tena siku ya pili.